Kifua cheupe upande mmoja: ni maji, au pafu limesinyaa?

Swali

Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu, nafanya kazi hospitali ya wilaya huku kanda ya ziwa. Mashine ya eksirei ya kidijitali tunayo, mpiga picha tunaye, ila mtaalamu wa kusoma picha hatuna, tunasoma wenyewe. Mwezi uliopita alikuja mzee wa miaka 58, mvuvi, mvutaji sigara wa siku nyingi. Anakohoa mwezi wa nne sasa, amekonda, pumzi zinambana. Nikimgonga kifua upande wa kushoto sauti ilikuwa nzito, na kwa stethoskopu sikusikia hewa ikiingia. Picha ikatoka kushoto kweupe kote. Nikaandika maji kifuani, nikamchoma sindano ya kuvuta maji mara mbili. Halikutoka hata tone. Tukampa rufaa, na jibu lililorudi linasema si maji, pafu limesinyaa. Nilikosea wapi? Ningejuaje kwa picha ile ile? Nakutumia picha yake, na pia ya mtoto wa miezi saba mwenye homa ya siku mbili, anayepumua mara 38 kwa dakika na kifua hakibonyei ndani. Naona weupe juu kulia, nimetaka kumwandikia nimonia ila roho yangu inasita.

Jibu

Marahaba, tabibu. Nikutoe hofu kwanza, halafu nikutie nyingine.

Kosa lako limeshafanywa na watu wenye vyeo vikubwa kuliko mimi na wewe. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kusoma picha, niliandika “maji mengi kushoto” kwa mgonjwa ambaye pafu lake la kushoto lilikuwa limeshatolewa kwa upasuaji miaka mingi nyuma. Kovu refu lilikuwa mgongoni pake. Mimi nilikuwa chumba cha pili na skrini yangu, sikumwona mgongo wala sikuuliza. Kwa hiyo usijione peke yako.

Hofu ya pili ndiyo hii: pafu la kushoto likisinyaa, moyo huhamia kushoto na kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, hupanda. Pale ulipolenga maji, nyuma yake palikuwa na moyo, na chini kidogo bandama. Mzee alipona sindano zako kwa bahati. Ndiyo maana nataka suala hili tulimalize hapa, lisirudi tena zamu ijayo.

Kilichokuponza ni rangi. Eksirei haichori magonjwa, inachora vivuli. Hewa inaipisha mionzi, kwa hiyo inatoka nyeusi. Mafuta yanaizuia kidogo, mfupa unaizuia sana, chuma inaizuia kabisa. Katikati hapo kuna kundi kubwa ambalo mashine hailitofautishi hata kidogo: maji, damu, usaha, misuli, moyo, na pafu lisilo na hewa. Vyote hivyo vina weupe mmoja. Ilikuwa hivyo tangu Röntgen, mgunduzi wa eksirei, alipoupiga picha mkono wa mkewe Desemba 1895, na mashine yenu ya kidijitali, pamoja na uzuri wake, haijaibadilisha tabia hiyo. Ukiikodolea macho picha mpaka yatoke machozi, weupe hautakutajia jina lake.

Basi acha kuuliza weupe huu ni nini. Uliza: chumba hiki kimeongezewa kitu, au kimepunguziwa?

Kifua kina vyumba viwili, na katikati yake kuna kizuizi ambacho hakikupigiliwa misumari: moyo, mishipa mikubwa na bomba la hewa. Kizuizi hicho huenda kinakosukumwa au kinakovutwa. Maji yakijaa chumba kimoja yanasukuma kizuizi kwenda upande wa pili. Pafu likitokwa na hewa linaacha nafasi tupu, na kizuizi kinavutwa kuja kuijaza. Nimonia ni kubadilishana tu: hewa imetoka, usaha na majimaji vimekaa mahali pake, ujazo ni ule ule, na kizuizi hakiendi popote.

Sasa fungua picha ya mzee, nami nimeifungua hapa. Usianzie kwenye weupe. Anzia shingoni.

Hapo juu, katikati ya mitulinga, kuna utepe mweusi unaoshuka. Hilo ndilo bomba la hewa. Kwa mtu mzima mwenye afya linashuka katikati au linaelekea kulia kidogo linapopishana na mshipa mkuu wa moyo. La mzee linainama kushoto, kuelekea kwenye weupe. Kabla hujaamini jicho lako, kagua kama mgonjwa alisimama sawa, maana mtu aliyejipinda mbele ya mashine anapindisha kila kitu. Tazama ncha za ndani za mitulinga miwili na ulinganishe umbali wake na zile pingili za uti wa mgongo zilizo kati yake. Kwa mzee umbali unalingana. Kwa hiyo bomba limevutwa kweli.

Shuka kwenye moyo. Kwa kawaida ukingo wa kulia wa moyo huchungulia kidogo kulia mwa uti wa mgongo. Kwa mzee huo ukingo haupo, pingili za mgongo zimebaki uchi na moyo wote umezama kwenye weupe wa kushoto. Hesabu mbavu: za kushoto zimebanana kama meno ya kitana, za kulia zimeachana. Tafuta povu jeusi la hewa ya tumbo chini kushoto, utalikuta limepanda juu kuliko kawaida, kwa sababu kiwambo kimepanda nalo. Kisha angalia pafu la kulia. Limekuwa jeusi kupita kiasi na ukingo wake umevuka mstari wa kati ukaingia eneo la jirani. Pafu lenye afya linajaribu kuziba pengo la mwenzake.

Dalili tano, zote zinavuta upande mmoja. Ongeza mwanga wa skrini kidogo ufuate bomba la hewa mpaka linapogawanyika. Tawi la kulia linaendelea vizuri. La kushoto linakwenda kipande kifupi, kisha weusi unakatika ghafla kama mpira wa maji uliokanyagwa. Hapo ndipo penye shida ya mzee, hapo palipoziba. Kila kitu kingine unachokiona ni matokeo.

Linganisha na maji yangekuwa vipi. Mgonjwa akiwa amesimama, zinahitajika takriban mililita 200 za maji ili ile pembe kali ya chini, pale kiwambo kinapokutana na mbavu, ianze kufifia. Yakiongezeka, ukingo wake wa juu unapanda ubavuni kwa mkunjo. Ili upande mzima uwe mweupe, hapo tunasema lita kadhaa. Lita kadhaa haziwezi kukaa kimya kwenye kifua cha mtu bila kumsukuma jirani. Kwa hiyo ukiona upande mzima mweupe na bomba la hewa halijasukumwa upande wa pili, weka sindano chini kwanza.

Kuna mtego mmoja ambao hata sisi unatusumbua: weupe wa upande mzima na bomba la hewa katikati kabisa. Inaweza kuwa nimonia ya pafu lote, na hapo utaona matawi membamba meusi ya njia za hewa yakipita ndani ya weupe, kama mti uliochorwa kwa mkaa ukutani. Lakini inaweza pia kuwa maji na kusinyaa kwa pamoja, moja linasukuma na jingine linavuta, kamba haisogei. Uvimbe wa saratani hufanya hivyo: unaziba njia ya hewa na wakati huo huo unatoa maji. Hapo picha pekee haitoshi, na mimi nikikwambia inatosha nitakuwa nakudanganya.

Ila kuna kifaa ambacho karibu kila hospitali ya wilaya inacho, kimefungiwa kliniki ya wajawazito. Kaazime altrasaundi. Mkalishe mgonjwa, weka kichwa cha mashine mgongoni kati ya mbavu, juu ya kiwambo. Kwenye altrasaundi mambo ni kinyume: maji safi ni meusi, na pafu lililosinyaa huonekana ndani yake likielea kama kipande cha ini. Usaha na damu huonyesha vumbivumbi au nyuzinyuzi. Weka alama ya kalamu pale maji yalipo mengi, choma hapo hapo bila kumbadilisha mkao, na pita ukingo wa juu wa ubavu, kwa sababu mishipa ya damu na fahamu imejificha chini ya kila ubavu. Maji yakiwa mengi, usivute zaidi ya lita moja na nusu kwa mkupuo mmoja. Pafu lililokaa limebanwa kwa wiki nyingi likifunguliwa ghafla linaweza kujaa majimaji yake lenyewe, na mgonjwa aliyekuja anatembea akaanza kutoa povu.

Umeniambia ulimgonga kifua na kumsikiliza. Vizuri, na wala hukusikia vibaya. Maji hutoa sauti nzito na hukata pumzi, pafu lililoziba nalo vivyo hivyo. Ndiyo maana masikio yako na picha vilikubaliana kukupoteza. Kipimo ambacho kingekuokoa ni kidole: kiweke kwenye kile kishimo juu ya mfupa wa kidari, ulipapase bomba la hewa na uone limeegemea wapi. Hakina gharama, na kinafanyika hata siku umeme umekatika.

Huyo mzee sasa. Mvutaji sigara wa umri huo, amekonda, njia kuu ya hewa imeziba: saratani ndiyo ya kwanza kuitafuta, na huko rufaa watahitaji sitiskani (CT scan) na kamera ya kuingia kwenye njia za hewa ili wachukue kinyama cha kupima. Lakini kifua kikuu nacho hukaza njia ya hewa mpaka ikaziba, na tezi zilizovimba huibana kutoka nje. Kwa hiyo makohozi yake yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vimelea vya kifua kikuu, hata kama kila mtu ameshaanza kunong'ona saratani. Nisingekubali faili lake lisafiri bila jibu hilo, maana lipo mikononi mwenu na linatoka kwa takriban saa mbili.

Wengine utakaowaona na picha ya namna hii ni tofauti. Mtoto aliyekuwa anacheza akapaliwa, fikiria karanga, punje ya hindi au shanga. Vitu hivyo mara nyingi havionekani kwenye eksirei, unachokiona ni pafu lililosinyaa, au kinyume chake, pafu lililojaa hewa kwa sababu kitu kinaruhusu kuingia na kukataza kutoka. Na mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, kushoto kukiwa kweupe ghafla, tazama ncha ya mpira wa kupumulia kabla hujatazama kitu kingine. Ukizama mno unaingia tawi la kulia na kuliacha la kushoto bila hewa. Uvute kidogo, piga picha tena, pafu linarudi.

Kwa kuwa mnasoma wenyewe, niseme na hili la kifua kikuu, maana ndilo mtakaloliandika mara nyingi kuliko yote. Picha inayofundishwa darasani ni ya weupe wa madoadoa juu ya pafu, chini ya mtulinga, na shimo jeusi lenye ukuta mnene katikati yake. Ni kweli, hiyo ipo. Lakini mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana hatakuletea picha hiyo. Atakuletea tezi zilizovimba katikati, au weupe wa chini ambao ungeuita nimonia ya kawaida, au pafu lililojaa vitone vidogo vya milimita moja hadi tatu kama ulezi uliomwagwa, na wengine watakuletea picha safi kabisa huku bakteria wamo kwenye makohozi. Picha safi isikufanye umrudishe nyumbani mtu anayekohoa wiki ya tatu na kutokwa jasho usiku.

Na kinyume chake: si kila kilichopo juu ya pafu ni kifua kikuu kilicho hai. Makovu ya ugonjwa uliopona hubaki maisha yote, nyuzi kavu na vidoa vya chokaa, pafu limevutwa juu kidogo. Ukiwa na picha ya zamani, iweke pembeni ya hii. Kovu ambalo halijabadilika miaka miwili halihitaji dawa. Wagonjwa huwa wanatunza picha zao nyuma ya kabati, waambie waje nazo.

Halafu kuna nywele. Usicheke. Msuko mnene wa rasta ulioanguka begani unatoa weupe wenye mistari juu ya pafu, mahali pale pale kifua kikuu kinapopenda kukaa. Nimeona fomu ya kuanzishiwa dawa ikiwa mezani, imeshajazwa, na mpiga picha mmoja mzee akaingia akasema tu, “Mfungeni nywele juu nimpige tena.” Ugonjwa ukaisha. Siri ni kufuata mistari: ikivuka mtulinga na kuendelea nje ya pafu mpaka shingoni, hiyo si ya pafu. Hirizi, vifungo na kidani navyo hutoa vituko vyao, na chuchu huweza kuonekana kama kidoa cha duara chini ya pafu. Zikiwa mbili, kulia na kushoto, mahali sawa, tulia.

Hewa iliyotoka nje ya pafu nitaipita haraka kwa sababu ukiizoea huikosi. Tafuta mstari mwembamba mweupe sambamba na ukuta wa kifua, na nje ya mstari huo kusiwe na mshipa hata mmoja, weusi mtupu. Hapa weusi ndio ugonjwa, na jicho lililozoea kuwinda weupe linaupita. Kama weusi huo umesukuma moyo kwenda upande wa pili na mgonjwa anahema kwa shida huku presha inashuka, hukupaswa kuwa unaisoma picha hiyo: ulipaswa kuwa umeshamtoboa atoe hewa. Na ukiona weupe wenye ukingo wa juu ulionyooka kama rula, bila mkunjo, ujue maji na hewa vyote vimo pamoja.

Moyo mkubwa: pima upana wake, linganisha na upana wa ndani wa kifua. Ukipita nusu kwa mtu mzima, umekua. Lakini hesabu hiyo ni ya picha iliyopigwa mgonjwa amesimama, mionzi ikitokea mgongoni, akiwa amevuta pumzi kiasi cha kuhesabu mbavu sita za mbele juu ya kiwambo. Picha ya kitandani inaukuza moyo wa kila mtu. Nimesoma rufaa nyingi za “moyo mkubwa” ambazo ugonjwa wake ulikuwa kitanda.

Mkiletewa ile programu ya kompyuta inayosoma picha, na inasambaa siku hizi, mjue ilikofundishwa. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2021 kwa kuchunguza kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Inatoa alama, na alama kubwa maana yake ni “mpime huyu makohozi.” Picha ya mzee wako inaweza kuipa alama kubwa tu, na programu isiseme neno juu ya bomba la hewa lililokatika.

Sasa mtoto. Nafurahi uliisikiliza roho yako. Weupe wake wa juu kulia una ukingo laini ulionyooka, na chini unaishia kwa pembe kali, kama tanga la ngalawa. Haujasukuma bomba la hewa wala haujalivuta, na mishipa ya pafu inaonekana ikipita ndani yake. Hiyo ni thaimasi, tezi ya kinga iliyo mbele ya moyo, ambayo kwa mtoto mchanga ni kubwa na hupungua akikua. Kila mtoto wa umri wake anayo, ya huyu imejitokeza zaidi tu.

Umeandika anapumua mara 38 kwa dakika na kifua hakibonyei ndani. Kwa miezi saba, kupumua kwa kasi ni kuanzia mara 50. Kwa picha na kwa hesabu hiyo, hana nimonia. Homa yake inatoka kwingine: pima malaria, angalia masikio, pima mkojo. Na mwambie mama asimkatize kunyonya.